Kagua mwenyewe kabla hujalipia kadi za biashara mtandaoni

Ukiagiza kadi za biashara kwenye tovuti ya uchapaji, jua kwanza kwamba huenda hakuna mtu atakayeisoma kazi yako. Mchapaji wa ana kwa ana angekuuliza, "Mbona hii namba ya simu imepungua tarakimu moja?" Mtandaoni, faili lako linakaguliwa na programu, linapangwa kwenye karatasi kubwa pamoja na kazi za wateja wengine, linachapwa, linakatwa na kutiwa kwenye boksi. Ndiyo maana bei inakuwa nafuu. Programu itakwambia picha yako ina pikseli chache, lakini haitajua kama umekosea jina lako mwenyewe. Ukaguzi huo umeachiwa wewe.

Mimi huanza na kipimo. Kadi hazilingani dunia nzima: sehemu kubwa ya Ulaya hutumia milimita 85 kwa 55, Marekani ni inchi 3.5 kwa 2, yaani karibu milimita 89 kwa 51, na Japani ni 91 kwa 55. Ukibuni kwa kipimo kimoja halafu tovuti ikawa na kingine, kazi itakatwa au itavutwa ikae upande. Pakua kiolezo cha tovuti hiyohiyo unayoagizia, kabla hujaweka hata herufi moja.

Kiolezo hicho kitakuwa na mistari kadhaa, na hapo ndipo wengi huchanganyikiwa. Kisu cha mashine hukata rundo zima kwa mara moja, na hakigusi palepale kila safari. Kwa hiyo rangi ya nyuma inatakiwa ivuke mstari wa kukatia, kwa kawaida milimita 3 kila upande, la sivyo utaona uzi mweupe pembeni. Maandishi nayo yarudi ndani angalau kiasi hicho. Mimi huyarudisha milimita 5, kwani maandishi yaliyobanana na ukingo hayapendezi hata yakiponea kisu. Fremu nyembamba ya kuzunguka kadi siishauri kabisa. Kisu kikihama kidogo tu, upande mmoja unanenepa na wa pili unakonda, na jicho la mtu linakimbilia hapohapo.

Kuhusu rangi, punguza matarajio mapema. Skrini inatoa mwanga, karatasi inabeba wino, na kuna rangi ambazo wino wa kawaida hauzifikii: chungwa linalowaka, kijani kikali, bluu ile ya umeme. Geuza faili kuwa CMYK, yaani mfumo wa rangi nne za wino wa uchapaji (samawati, majenta, njano na nyeusi), wewe mwenyewe, uone zinavyopoa kabla mashine haijakuonyesha. Maandishi madogo meusi yachapwe kwa wino mweusi peke yake, maana yakichanganywa rangi zote nne na moja ikasogea, herufi zinaonekana kama zina kivuli.

Nembo usiichukue kwenye picha uliyotumiwa WhatsApp, imeshabanwa. Mwombe aliyeibuni akupe faili la vekta, yaani mchoro usiopoteza ubora ukikuzwa, kama SVG au PDF. Asipokuwa nalo, kumbuka kwamba kwa dpi 300, yaani nukta 300 kwa kila inchi, kadi ya milimita 85 inahitaji picha yenye upana wa pikseli 1,000 hivi.

Karatasi ya printa ya kawaida ina gramu 80 kwa mita ya mraba. Kwa kadi, mimi siendi chini ya 300, na 350 inatosha sana. Laminesheni inayong'aa, yaani utando mwembamba wa plastiki juu ya karatasi, inavutia kwenye picha za tovuti, ila jaribu kuandika juu yake kwa kalamu: wino unateleza na kuchafua vidole. Watu bado huandika nyuma ya kadi, siku ya miadi au bei waliyokubaliana, kwa hiyo upande wa nyuma mimi huuacha bila laminesheni na bila mapambo mengi. Kadi nyeusi isiyong'aa nayo hupendwa sana, ingawa inabeba alama za vidole vya kila aliyeishika.

Kama utaweka msimbo wa QR, upe walau sentimita 2, uwe mweusi juu ya nyeupe, na uuachie nafasi tupu pande zote. Tazama pia msimbo huo unampeleka mtu wapi. Baadhi ya tovuti za kutengeneza misimbo huipitisha kwenye seva zao kwanza. Ukiacha kulipia, msimbo unakufa na kadi bado ziko mifukoni mwa watu. Chagua ule wenye anwani yako moja kwa moja ndani yake.

Sasa lile ambalo siliruki hata nikiwa na haraka. Chapa kadi kwenye karatasi yoyote kwa ukubwa wake halisi, asilimia 100, kisha ikate kwa mkasi. Kwenye skrini umeikuza, herufi ndogo zinasomeka vizuri. Mkononi unagundua anwani inahitaji miwani. Piga simu ukisoma namba kutoka kwenye kile kikaratasi, si kutoka kichwani. Tuma baruapepe kwa anwani iliyoandikwa. Skani msimbo kwa simu ya mtu mwingine. Halafu mpe asomee mtu ambaye hajawahi kuiona kazi hiyo, kwa sababu macho yako yanasoma unachokijua, si kilichoandikwa.

Usivutwe na bei ya kadi 1,000. Kila kadi inakuwa rahisi zaidi, kweli, lakini namba ya simu na cheo hubadilika kabla hujazimaliza. Agiza idadi ndogo kwanza, na uangalie gharama ya usafirishaji kabla hujashangilia, kwani kwa oda ndogo inaweza kuzidi kadi zenyewe.

Boksi likifika, usiishie kutazama kadi ya juu. Chomoa chache za katikati na za chini, ulinganishe rangi na mkato. Ukiona kasoro, piga picha na uandike malalamiko siku hiyohiyo, maana tovuti nyingi zina muda maalumu wa kuyapokea, na huo umeandikwa kwenye masharti uliyoyakubali ulipolipia.