Kuoka, ila moto utoke juu

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Samaki wa chakula cha jioni nyumbani, kuoka au kukaanga?" Ningepita zangu, lakini mkaongeza kwamba kuoka ni kwa "wenye oveni". Tangu lini? Huku Pwani watu wameoka kabla nguzo ya umeme haijafika mtaani: makaa kidogo chini, mengi juu ya kifuniko. Mkate wa kumimina mpaka leo wengi wanaupika hivyo, na sijasikia ukiitwa chakula cha wenye oveni.

Mimi nimefundishwa na shangazi, Tanga. Kulikuwa na Ramadhani moja, wageni wa bara wanakuja kufuturu, na kolekole aliyeletwa kutoka soko la samaki la Deep Sea ni mrefu kuliko sufuria zote za nyumba ile. Wifi akashika kisu, akasema akatwe kichwa na mkia apate kuenea. Shangazi akamwangalia tu. "Na mgeni mkubwa nitamwekea nini, mgongo?" Kisu kikarudi mezani.

Alimwosha kwa chumvi na ndimu, akamsuuza, halafu akamfuta kwa kitambaa, nje na ndani ya tumbo, akamlaza kwenye ungo apigwe na upepo. Tulidhani anapoteza muda, na Magharibi inakaribia. "Samaki akiingia motoni na maji yake humwoki, unamchemsha." Akamchanja mpaka mfupani, akasindilia kitunguu saumu, tangawizi, pilipili mbuzi na bizari nyembamba. Ndimu nyingine akaikamulia mwisho kabisa, kwa sababu nyama ikilala kwenye ndimu inakuwa kama chaki. Kisha sinia la bati lililopakwa mafuta, samaki, sinia la pili juu yake, na makaa yakamwagwa huko juu. Chini aliacha ya kuhesabika. Sisi wasichana tukapokezana kipepeo cha kupepea makaa.

Baadaye akainua ukingo kwa koleo, akachoma ncha ya kisu nyuma ya kichwa, pale penye nyama nene. Ikaachia mfupa. Hapo ndipo akamwagia tui zito lenye ukwaju, akafunika tena mpaka likaanza kushika rangi. Tui halitangulii; likikaa sana motoni linakatika.

Kwa hiyo nilikaa kuandika kwamba oveni ni mapambo. Lakini nimeandika neno kipepeo nikamkumbuka shangazi mwenyewe saa ile: macho mekundu, anakohoa pembeni, jasho linamtiririka na swaumu yake, na mezani anayesifiwa ni kolekole. Bei ya gunia la mkaa nayo mnaijua. Serikali inataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi, na nikiwa mkweli, kwa samaki huyu sina hoja ya kuipinga.

Basi mwenye oveni aoke kwenye oveni, moyo mweupe. Digrii 200, samaki mzima wa kilo moja, karibu nusu saa. Halafu uwashe moto wa juu peke yake, ndipo umpake tui. Usimfunge kwenye foili mwanzo mpaka mwisho, maana huko ndiko kuchemsha alikokataa shangazi. Trei ya oveni nyingi za nyumbani haimmezi kolekole wa wageni, kwa hiyo nunua changu au tasi wawili badala ya kumkata kichwa mmoja. Na uniti za umeme ziangalie kabla hujawasha, si katikati. Wanaoishi peke yao sidhani kama inawalipa kuipasha oveni nzima kwa samaki mmoja; mkaa wa kiganja na sufuria yenye kifuniko kizito vinatosha, ila mlango uwe wazi.

Kukaanga sijakusahau, Mhariri. Vibua na dagaa kaangeni, hao hawamo kwenye ugomvi huu.