Maswali Yenu: Swapu za Mwisho wa Msimu Zinatuvunjia Ligi

SWALI: Kocha, salamu kutoka Kondele, Kisumu. Tuko watu kumi tunacheza fantasi ya besiboli ya Marekani, yaani kila mtu anaunda timu ya wachezaji wa kweli na kupata alama kwa wanachofanya uwanjani, na kila mtu anatoa elfu moja mwanzo wa msimu. Mwaka jana mambo yalienda poa mpaka Agosti, halafu jamaa wa mwisho kwa tebo akampea rafiki yake wanayekaa naye nyumba moja Aaron Judge, yule mpigaji nyota, pamoja na mrushaji wake bora, yeye akachukua mtu wa benchi ambaye hata hachezi. Huyo rafiki ndiye alibeba pesa. Sasa wengine wanataka tufunge kubadilishana wachezaji kabisa iwe kama FPL, ile fantasi ya soka ya Uingereza, wengine wanataka kila swapu ipigiwe kura na wote. Mimi ndio mwenyekiti, nifanye nini?

JIBU: Ndugu mwenyekiti, pole. Najua elfu kumi inaweza kurudi lakini marafiki wakishaanza kushukiana kurudi ni ngumu, kwa hivyo hii maneno uimalize kabla drafti ya msimu ujao, ile siku ya kuchagua wachezaji kwa zamu, haijafanyika.

Kufunga kabisa, hapana. FPL inaweza kuishi bila kubadilishana juu huko Haaland anaweza kuwa kwa timu ya kila mtu, ukimtaka unamnunua tu. Kwa fantasi yenu ya drafti mchezaji ana mwenyewe mmoja, ukikosa umekosa, na msimu ni mrefu, kila timu inacheza mechi 162 kutoka mwisho wa Machi mpaka mwisho wa Septemba. Warushaji nao wanaumia viwiko kila mara, na mtu akifanyiwa ile upasuaji ya Tommy John anakaa nje mwaka mzima au zaidi. Sasa wewe warushaji wawili wamekuendea Mei na huruhusiwi kuongea na mwenzako mwenye warushaji wa ziada, utafanya nini hapo mpaka Septemba? Utaacha kufungua programu, na mtu aliyeacha ndiye anagawa wachezaji bure.

Shida yenu ni mtu asiye na kitu cha kupoteza, hapo ndipo sheria iende. Wekeni dedilaini. Ligi kuu ya besiboli yenyewe inafunga biashara ya wachezaji mwisho wa Julai au mwanzo wa Agosti, mwaka 2025 ilikuwa tarehe 31 saa kumi na mbili jioni ya New York, yaani kwetu saa saba usiku tarehe 1 Agosti. Zamani kulikuwa na mlango wa nyuma wa Agosti kupitia waiva, yaani mchezaji anawekwa wazi kwanza timu nyingine zikitaka zimdai, lakini kuanzia 2019 waliufunga, ikabaki dedilaini moja. Nyinyi fungeni wiki moja baada ya wao na si kabla, juu siku hizo ndio warushaji wa kumalizia mechi wanahamishwa, mtu alikuwa anakupea sevu (alama ya mrushaji anayelinda ushindi mpaka mwisho wa mechi) kila wiki anapelekwa timu yenye mmaliziaji tayari na sevu zinaisha. Mpeeni kila mtu nafasi ya kurekebisha timu yake akishajua nani ameenda wapi.

Halafu andikeni kwamba mchezaji uliyemtoa hawezi kurudi kwako msimu huo, hiyo inaua kukopeshana wachezaji. Andikeni pia hakuna Mpesa ya kando wala ahadi ya mwaka ujao, na anayepatikana anapoteza kiingilio chake na nafasi yake. Na mtu wa mwisho mpatieni sababu ya kucheza, hata kama ni zawadi ndogo ya alama bora za Agosti na Septemba peke yake. Hii watu huipuuza lakini naiamini kuliko dedilaini.

Kura ya watu wote siipendi hata kidogo. Kila anayepiga ni mpinzani wako, atakataa swapu nzuri kwa sababu inakusaidia wewe, na mkishafanya hivyo mara mbili hakuna atakayejisumbua kutafuta swapu tena. Chagueni watu watatu, kama mmoja yuko ndani ya hiyo swapu anakaa kando na mwingine anaingia, wajiulize swali moja tu: kila upande unajaribu kusaidia timu yake? Kama ndio, ipite, hata kama mmoja ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Kukosea ni haki ya mwenye timu. Ile ya Judge haingepita hapo, mtu wa benchi asiyecheza anasaidia nini?

Na hayo mamlaka yaandikwe mapema. Mwaka 1976 Charlie Finley, mwenye Oakland A's, alitaka kuuza Rollie Fingers na Joe Rudi kwa Boston Red Sox kwa dola milioni moja kila mmoja na Vida Blue kwa Yankees kwa milioni moja na nusu. Komishna Bowie Kuhn, msimamizi mkuu wa ligi, akafuta yote kwa kusema inaumiza mchezo. Finley akaenda kortini akashindwa, juu komishna alikuwa na hayo mamlaka kwa makubaliano ambayo wenye timu wote walikuwa wamekubali. Wewe mwaka jana hukuwa na karatasi yoyote, kwa hivyo pesa zilizolipwa acha zilivyo.

SWALI: Mimi niko Nakuru, nafanya kazi shifti ya usiku. Nilikubali swapu jioni, kabla mwenyekiti hajapitisha mchezaji niliyekuwa nampata akaumia usiku huohuo. Mwenzangu anasema ni wangu tayari. Ni haki?

JIBU: Dada, kama sheria yenu imenyamaza mwenzako ana haki ya kusema hivyo, ingawa mimi kwa moyo wangu niko upande wako. Ligi kuu hata wao wanaangalia ripoti za daktari kabla ya biashara kukamilika. Andikeni hivi: swapu ikikubaliwa kabla ya saa moja jioni yetu inapitiwa na kuingia jioni hiyohiyo, ikichelewa inangoja kesho, na mchezaji akiumia kabla haijaingia, aliyekuwa anampokea anaruhusiwa kujitoa. Nimechagua saa moja juu New York iko nyuma yetu masaa saba wakati wa msimu, hapo kwao ni saa sita mchana na karibu mechi zote hazijaanza. Mechi yao ya saa moja na dakika tano usiku inaanza kwetu saa nane na dakika tano, wengi mmelala, na hakuna anayefaa kuamka asubuhi akakuta amepokea mgonjwa.

SWALI: Kocha, Kakamega hapa. Nilipewa Ohtani kwa swapu nikakuta ni wa kurusha peke yake, wa kupiga amebaki kwa mwenzangu. Inawezekanaje?

JIBU: Kuna programu zinamhesabu Shohei Ohtani kama watu wawili, mpigaji na mrushaji, kila mmoja na nafasi yake kwa drafti. Mwambie mwenyekiti wenu aandike kwamba ofa yoyote ya Ohtani lazima itaje ni yupi, na ile iliyosema tu "Ohtani" irudishwe, mkae chini muandike nyingine.