Yule "nyoka" wa Mjimwema

SWALI: Shikamoo babu. Juzi kwenye bamvua tulishuka pwani ya Mjimwema, maji yamekupwa mpaka kule kwenye majani. Mwanangu wa miaka saba akamwona nyoka mweupe mwenye pete nyeusi, mrefu kama mkono wangu. Akawa anazama mchangani, mkia ukitangulia. Vijana wakamuwahi kwa fimbo. Je, ana sumu? Mtoto sasa hataki kukanyaga maji. (Mama Salha, Kigamboni)

JIBU: Marahaba mwanangu. Umeshajijibu mwenyewe hapo uliposema mkia ulitangulia. Mkia wa nyoka wa baharini umebapa kama kafi. Ni wa kuogelea, si wa kuchimba. Huyo wenu alikuwa mkunga, samaki kama changu. Ncha ya mkia wake ni ngumu na haina pezi, basi huuchomeka mchangani na kujipindapinda, na kufumba na kufumbua amebaki pua tu.

Mimi nilikutana naye Kunduchi, kijana bado, nimemfuata mjomba kuchokoa pweza. Nilitupa fimbo nikakimbilia ngalawani. Mjomba alicheka mpaka akakaa majini! Kisha akaniita nimtazame: hana magamba, anateleza kwa ute, ana pezi jembamba linaloanzia karibu na kichwa, wala hapandi juu kuvuta pumzi. Chakula chake ni samaki wadogo na kaa, anaowatafuta mashimoni kwa kunusa. Sumu ya kumuumiza mtoto hana.

Wataalamu humwita Myrichthys colubrinus. Hilo la pili ni Kilatini, maana yake "kama nyoka", na alipewa mwaka 1781. Kwa hiyo vijana wa Mjimwema wasilaumiwe sana, waliosoma nao walimfananisha hivyohivyo. Huko Asia yupo nyoka wa kweli mwenye pete kama hizo, tena ana sumu kali, na mkunga anafaidika kwa kufanana naye. Kwetu nyoka huyo hayupo. Anayefika huku ni mwingine, mgongo mweusi, tumbo la njano. Huyo ukimkuta ametupwa ufukweni usimguse, hata kama unadhani amekufa.

Bamvua ijayo mrudishe mtoto pwani. Mvalishe yeboyebo, na mfundishe kuburuta miguu mchangani badala ya kukanyaga, samaki taa aliyejificha humo asikie na kuondoka. Mwiba wa taa ndio ulionilaza mimi siku tatu, si mkunga.