Changu ni Mombasa ya Wareno

Mleta uzi kauliza: ukiambiwa uchague kipindi kimoja tu cha historia cha kusoma, utachagua kipi na kwa nini? Naona wadau wengi mmekimbilia Roma, Misri ya mafarao na Vita vya Pili vya Dunia. Mimi nabaki pwani. Changu ni Mombasa tangu Wareno walipoanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593 hadi walipong'olewa 1698.

Najua kuna watakaoguna. Shuleni tulikikariri tu: sababu za Wareno kushinda, athari za utawala wao, sababu za kuanguka, hoja tano tano, mtihani ukiisha basi. Kwenye zile noti mtu wa pwani hana jina. Anaonewa, anatozwa kodi, kisha Waomani wanakuja kumwokoa.

Sasa mchukue Yusuf bin Hassan. Baba yake, Sultani Hassan wa Mombasa, alikuwa wa ukoo wa Malindi, marafiki wa Wareno tangu Vasco da Gama afike 1498. Urafiki huo haukumfaa kitu. Alikosana na kapteni wa ngome, akakimbilia bara, akauawa huko na watu waliohongwa, kichwa chake kikapelekwa Goa, makao makuu ya Wareno huko India. Mtoto naye akapelekwa Goa hiyo hiyo! Akalelewa na mapadri wa Kiagustino, akabatizwa Dom Jerónimo Chingulia, akaozwa huko, kisha akarudishwa Mombasa kuwa mfalme. Wareno wakadhani wamempata mtu wao. Siku zikapita, akaonekana anaomba kaburini kwa baba yake kwa desturi ya Kiislamu, habari zikamfikia kapteni. Yusuf hakungoja kukamatwa. Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamuua kapteni, akatangaza kurudi kwenye Uislamu. Mwaka uliofuata Wareno walileta kikosi kumtoa, wakashindwa. Baadaye akaihama ngome mwenyewe, akaingia baharini na kuwa haramia.

Wapo wanaomwita shujaa na kuishia hapo. Mimi nasita, maana Wakristo wa Kiafrika waliokataa kusilimu nao waliuawa. Lakini ndiyo sababu simchoki: kila nikimrudia namwona tofauti.

Nilipokwenda kuitembelea ngome, wenzangu walikuwa wanapiga picha na mizinga, mimi nikaganda langoni. Juu ya lango kuna jiwe la mwaka 1639, la kapteni Francisco de Seixas de Cabreira, aliyepewa ngome akiwa na miaka 27. Anajisifu kwamba amewalipisha kodi wafalme wa pwani, amebomoa kuta za Pate na Siyu, miji ya visiwa vya Lamu, amewaua wakubwa wa Pemba. Halafu, bila aibu, anaorodhesha vyeo na posho alizopewa kwa kazi hiyo. Ni wasifu wa kuombea kazi, ila umechongwa kwenye jiwe. Aya moja ya pale ilinifundisha namna ukoloni ulivyowalipa watu wake kuliko noti zangu zote za kidato cha pili.

Na mzingiro wa mwisho ndio kilele. Waomani waliizingira ngome tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698. Msaada wa kutoka Goa ulitegemea upepo. Kaskazi isipovuma, hakuna merikebu. Ndani mle maradhi yakawamaliza Wareno, na kuna wakati mwaka 1697 kapteni alikufa, ngome ikabaki mikononi mwa Bwana Daud, sheikh wa Faza, mji jirani wa Pate, pamoja na ndugu zake, wanaume wachache na wanawake wa Kiafrika wapatao 50. Hebu fikiria: Mswahili Mwislamu anailinda ngome ya mfalme wa Ureno dhidi ya Waislamu wenzake. Ukitumia hoja za shuleni hutaelewa kabisa. Ukijua kwamba Faza na Pate walikuwa mahasimu wa muda mrefu, na Pate walikuwa upande wa Oman, hesabu inakaa sawa. Hawa hawakuwa vibaraka wala mashahidi wa imani, walikuwa wanasiasa wa miji yao.

Msaada wa Goa ulifika siku chache tu baada ya ngome kuanguka, ukakuta bendera ya Oman inapepea, ukageuza.

Mlioko Lamu, Pate na Faza: huyo Bwana Daud anasimuliwaje huko kwenu?