Prosesa mpya, RAM ileile ya zamani: inalipa?

SWALI: Habari za kazi fundi. Niko Tanga, naediti video za harusi na usiku nacheza geimu kidogo. Mashine yangu ina prosesa ya AMD Ryzen 5 1600, bodi ya B450, RAM ni 16GB vipande viwili vya 8, DDR4 ya spidi 2400, zile za bei chee zisizo na bati. Nataka niweke Ryzen 5 5600 niiovakloki, yaani niipandishe spidi kuliko ya kiwandani, mpaka GHz 4.7, ila jamaa wa dukani anasema bila RAM ya 3600 natupa hela, na hela ya vyote viwili sina. Nifanyeje?
Msomaji, Tanga

JIBU: Salama kaka. Nunua prosesa, RAM baki nayo hiyohiyo, ntakwambia kwanini.

Jamaa wa dukani hajadanganya ila amekuza mambo. Ryzen ina njia ya ndani inaitwa Infinity Fabric, na mwendo wake kwa kawaida unafuata RAM, yaani RAM ya 2400 njia inatembea megahezi 1200, RAM ya 3600 inatembea 1800. Sasa kwenye 1600 yako hiyo ilikuwa inauma mara mbili, maana kori zake 6 zimegawanywa makundi mawili ya tatu tatu, kila kundi na kashe yake (kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya prosesa) ya MB 8, na kundi moja likitaka kitu kilichoko kwa mwenzake linapita njia hiyohiyo ya polepole. Kwenye 5600, iliyotoka 2022, kori zote 6 zinakaa chumba kimoja na kashe moja ya MB 32, vitu vingi zinavikuta humohumo ndani hazina haja ya kwenda RAM kila saa. Kwahiyo RAM ileile iliyokuwa inakubana leo, kesho haitakubana sana kama leo. Kwenye geimu mwenye 3600 atakuacha kiasi, hilo nakubali, ila kwenye kurenda video tofauti ni ndogo sana ukilinganisha na utakachopata kwa kubadili prosesa.

Ila fungua keisi uangalie RAM zimekaa wapi. Nimeshafungua mashine nyingi sana nakuta vipande viwili vimebanana sloti ya kwanza na ya pili, mtu anatembelea chaneli moja, yaani njia moja ya RAM badala ya mbili, miaka yote hajui. Kama bodi yako ina sloti nne, weka ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Chaneli moja ya 2400 inapitisha GB 19.2 kwa sekunde, mbili ni 38.4, na hapo hujatoa hata shilingi.

Kabla hujaing'oa 1600, apdeti BIOS (programu ya bodi inayowasha mashine) ikiwa bado iko ndani, maana bodi nyingi za B450 zilitoka kiwandani hazijui 5600 ni kitu gani, na ukiweka prosesa mpya kwanza utapata kioo cheusi basi. Ingia ukurasa wa aliyetengeneza bodi, soma maelezo mpaka mwisho maana zingine zinataka upitie toleo la katikati, pakua kwenye flashi, na tafadhali chomeka mashine kwenye UPS, umeme ukikatika katikati ya zoezi hilo bodi inaweza kufa kabisa. Na kama diski umeifunga kwa BitLocker, ile kufuli ya Windows, andika ule ufunguo kwenye karatasi kabla, ukibadili prosesa itakuuliza.

Kwenye kung'oa ndo naomba unisikilize vizuri. Pesti ya kupitisha joto kati ya prosesa na feni, ikikaa miaka inakauka inakuwa kama gundi, ukivuta feni juu kwa nguvu prosesa inachomoka nayo ikiwa imeng'ang'ania chini yake, na hizi za AM4 (soketi ya bodi yako) pini ziko kwenye prosesa yenyewe, pini 1331 nyembamba kama nywele. Nilishawahi kukaa na wembe na taa ya simu saa nzima nanyoosha pini mbili za mteja, jasho linanitoka. Kwahiyo washa mashine, renda chochote dakika kumi ipate moto, zima, chomoa waya, afu legeza feni kwa kuzungusha kushoto kulia taratibu mpaka uisikie imeachia, ndo unyanyue.

Sasa kuovakloki. 4.7 achana nayo. 5600 inajipandisha yenyewe mpaka 4.4, na kulazimisha kori zote 4.7 kunataka volti nyingi, na joto la Tanga lile na feni ndogo inayokuja kwenye boksi utaishia kusikia kelele tu afu mashine inajipunguza spidi yenyewe. Ingia BIOS uwashe PBO, inayoiruhusu prosesa ijipandishe yenyewe zaidi, weka Curve Optimizer, inayopunguza volti, hasi 10 kori zote, tumia siku mbili tatu, ikitulia jaribu hasi 15. Hapo unapunguza volti, joto linashuka, na prosesa inakaa juu muda mrefu zaidi bila kulazimishwa.

Nguvu yako ya kuchezea peleka kwenye RAM. Kidhibiti RAM cha 5600 ni bora kuliko cha 1600, kwahiyo vipande vilivyogoma 2933 zamani vinaweza kukubali sasa. Panda 2666, afu 2800, afu 2933, volti kutoka 1.2 mpaka 1.35 usizidi hapo, na kila hatua piga MemTest86, programu ya kupima RAM, mizunguko yote minne hata kama ni usiku kucha. Usiridhike eti Windows imefunguka. Kuna mashine nilipandisha 3200 ikawaka vizuri, geimu zinacheza, wiki ya pili mafaili makubwa yakaanza kugoma kufunguka, ikabidi nirudi 2933. Wewe unashika harusi za watu kaka, kosa moja hata liwe dogo usilivumilie, shuka hatua moja. Ikigoma kuwaka kabisa toa ile betri ya duara kwenye bodi dakika tano, inarudi ilivyokuwa.

SWALI: Fundi mambo, mimi niko na i5-8400 kwa bodi ya H310, RAM ni 2666. Nikiweka i7-8700K naweza ovakloki?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Poa sana. Itawaka, ila H310 haikufungulii kuovakloki, hiyo ni kazi ya bodi za Z370 na Z390, kwahiyo hiyo K, alama ya prosesa inayoruhusu kuovakloki, utailipia bure. Tafuta 8700 ya kawaida, utatoka nyuzi (threads) 6 mpaka 12, na ni wati 65 badala ya 95, bodi ndogo kama hiyo itapumua. RAM usiguse, 2666 ndo mwisho wa bodi yako hata ukinunua ya 3600.