Muulize Fundi: Flashi ya steshenari, antivairasi ya kununua na mafaili yaliyotiwa kufuli

Barua za mwezi huu karibu zote ni za virusi. Ndivyo inavyokuwa mitihani ya muhula ikikaribia: flashi zinazunguka mikononi kuliko noti. Nimechagua barua nne, na majina nimeyaacha kama ada yetu.

Kamwene fundi. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Mafinga. Nilipeleka mtihani wa kidato cha pili kuchapwa steshenari. Nyumbani nilipochomeka flashi nikakuta kila faili limegeuka shotikati. Nikibofya, mtihani unafunguka, lakini nikimpa mwenzangu kwenye flashi yake, haufunguki. Nikachomeka flashi nyingine mpya kabisa, nayo ikawa hivyohivyo. Kijana mmoja anasema laptopu ipigwe Windows upya kwa elfu ishirini. Nikubali?

Kamwene mwalimu. Usikubali, angalau si sasa. Mtihani wako upo, haujafutwa. Kirusi cha aina hii huyapa mafaili yako alama ya kufichwa, kisha huweka shotikati zenye majina yaleyale. Ukibofya shotikati unaamrisha mambo mawili kwa mpigo: kirusi kiamke na faili lako halisi lifunguke. Kwa kuwa unaona mtihani wako, hushtuki. Mwenzako ulimpa shotikati tupu. Iangalie vizuri: ina kimshale kwenye kona ya picha yake na uzito wa KB moja au mbili, wakati mtihani wenye michoro hauwezi kuwa mwepesi kiasi hicho.

Flashi mpya kuugua ndiyo habari kubwa kwenye barua yako. Maana yake kirusi kimeshahamia kwenye laptopu, kimekaa kinasubiri chochote kitakachochomekwa. Ukisafisha flashi kwanza utakesha. Anza na laptopu.

Chomoa flashi zote. Unga intaneti ili antivairasi ipate taarifa mpya za virusi. Kama uliiwekea Windows alama ya kubana bando ("Metered connection"), iondoe leo, maana kwa alama hiyo masasisho mengi huahirishwa. Kisha fungua "Windows Security", ingia "Virus & threat protection", bonyeza "Check for updates" na usubiri imalize. Ukirudi nyuma, ingia "Scan options" uchague ile yenye neno "Offline". Laptopu itajizima na kujiwasha, halafu itakagua kabla Windows yenyewe haijaamka, wakati kirusi nacho bado hakijapata nafasi ya kujificha. Huchukua kama dakika 15. Hakikisha betri imejaa, kwa sababu umeme wetu mnaujua.

Kabla ya kufanya hivyo, chungulia sehemu moja ambayo mafundi wengi hawaigusi. Hapohapo kwenye "Virus & threat protection", bonyeza "Manage settings", shuka mpaka chini kabisa palipoandikwa "Exclusions". Hiyo ni orodha ya vitu ambavyo antivairasi imeambiwa isivikague. Kwa mtumiaji wa nyumbani kwa kawaida huwa tupu. Ukikuta folda usiyoijua, au diski C nzima, ujue kuna programu au mtu alijiandikia msamaha humo. Iondoe ndipo ukague. Bila hivyo Defender, yaani antivairasi ya Windows yenyewe, itakwambia kompyuta ni safi, na kwa jinsi ilivyoagizwa haitakuwa imekudanganya.

Laptopu ikishapona, chomeka flashi lakini usiifungue kwa kubofya. Bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu yake, uikague kwanza. Halafu fungua "Command Prompt" na uandike mstari huu, ukiweka herufi ya flashi yako badala ya E:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Bonyeza Enter na uvute subira. Ukifungua flashi sasa utaona vitu vyako halisi. Mara nyingi vimesukumiwa kwenye folda isiyo na jina, usiipite. Hamisha nyaraka za Word, PDF na picha tu. Shotikati, na faili lolote linaloishia na .vbs, .js au .exe ambalo hukuliweka wewe, liache hukohuko. Kisha fomati flashi.

Kwa safari zijazo za steshenari, tenga flashi moja ndogo ya kazi hiyo tu, uweke humo PDF ya siku hiyo, na ukirudi uifomati kabla hujaifungua. Siwalaumu wenye steshenari. Kompyuta moja inapokea flashi za mji mzima, na mteja aliye nyuma yako ana haraka. Ila mtihani wa muhula kubaki kwenye kompyuta ya mtu baki ni hatari ya aina nyingine, na hiyo haitibiwi na antivairasi.

Kaka fundi, niko Soweto, Mbeya. Nina kompyuta ya mezani, watoto wanaitumia na mimi naweka mahesabu ya duka. Niliuziwa antivairasi kwa elfu thelathini na tano, baada ya miezi miwili ikasema leseni imefungiwa. Mwanangu akaongeza nyingine ya bure. Sasa kompyuta ikiwaka naweza kwenda kuchemsha chai na kurudi. Ninunue ipi iliyo nzuri?

Mama, mimi ni dada, ila wengi hukosea na sijawahi kudai fidia.

Kwanza ondoa zote mbili. Antivairasi mbili zinazolinda kwa wakati mmoja hugombania kila faili unalofungua, na wewe ndiye unayesubiri ugomvi uishe. Baadhi haziondoki kikamilifu kwa njia ya kawaida, hivyo watengenezaji wenyewe hutoa kifaa cha kuziondolea kwenye tovuti zao. Zikishatoka, washa kompyuta upya. Microsoft Defender, ambayo imo ndani ya Windows 10 na 11 bila malipo, hujizima yenyewe ikiona mwenzake amewekwa, na kwa kawaida huamka yenyewe mwenzake akiondoka. Hakikisha imeamka kwa kuingia "Windows Security".

Kisha tumia wiki kadhaa ukiwa na hiyo tu. Kwa nyumba yenye mahesabu ya duka na watoto wa shule, mimi siioni sababu ya kununua nyingine. Sisemi hivi kwa ubahili. Kuna maabara huru mbili ambazo kazi yao ni kuzipambanisha programu hizi na virusi halisi: AV-TEST ya Magdeburg, Ujerumani, na AV-Comparatives ya Innsbruck, Austria. Matokeo yao yako wazi kwa yeyote. Zamani Defender ilikuwa ya kuchekwa, lakini miaka ya karibuni imekuwa ikikaa na zile za kulipia. Ukitaka maoni ya pili mara mojamoja, weka Malwarebytes ya bure. Muda wa majaribio ya huduma ya kulipia ukiisha, inabaki kukagua pale tu unapoiamuru, kwa hiyo haigombani na Defender.

Ukiamua kununua hata hivyo, nunua kwenye tovuti ya mtengenezaji mwenyewe, na uangalie vitu vitatu: leseni ni ya kompyuta ngapi, ni ya muda gani, na bei ya mwaka wa pili ni ipi, kwa maana ya mwaka wa kwanza mara nyingi ni ya kuvutia wateja. Ninavyodhani, ile ya elfu thelathini na tano ilikuwa namba ileile ya leseni waliyouziwa watu wengi. Mtengenezaji akigundua, huifunga, na aliyekuuzia hayupo tena kibarazani.

Na ya bure nayo ichague kwa macho. Mwaka 2020 ilibainika kwamba data za kurasa walizotembelea watumiaji wa Avast zilikuwa zinauzwa kupitia kampuni yake tanzu ya Jumpshot. Jumpshot ikafungwa mwaka huohuo, na mwaka 2024 tume ya biashara ya Marekani ikaitaka Avast ilipe dola milioni 16.5. Programu yenyewe hukamata virusi vizuri tu. Lakini programu inayotakiwa kulinda nyumba, mimi nataka nijue inapata wapi mlo wake.

Kama kompyuta yako bado ni Windows 10, fahamu kwamba masasisho yake ya kawaida yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Microsoft imesema Defender itaendelea kupata taarifa za virusi humo hadi Oktoba 2028, lakini matundu ya Windows yenyewe ni suala tofauti. Kama mashine inaweza kubeba Windows 11, zile elfu thelathini na tano nyingine zingefanya kazi nzuri zaidi huko.

Fundi, niko Tunduma. Kwenye kona ya kulia chini inaruka taarifa kila dakika: una virusi vitano, bonyeza hapa ulipie. Defender inasema hakuna kitu. Nani mkweli?

Defender. Hicho si kirusi, ni tangazo ulilolipatia ruhusa mwenyewe, pengine siku unatafuta mpira wa bure ukabonyeza "Allow" ili video ifunguke. Kwenye Chrome ingia "Settings", "Privacy and security", "Site settings", kisha "Notifications". Futa kila tovuti usiyoijua. Na usilipe chochote, wala usipige namba yoyote watakayokuonyesha.

Ndugu fundi, salamu kutoka Njombe. Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima wa parachichi. Nimewasha kompyuta ya nyumbani nikakuta orodha ya wanachama, uzito wa mzigo wa msimu uliopita, hata picha za ubatizo wa mwanangu, vyote vimeongezewa herufi nne nisizozijua mwishoni mwa jina, na havifunguki. Kila folda ina barua inayoitwa _readme.txt inayodai dola 980, au 490 nikiwahi ndani ya saa 72. Siku moja kabla niliweka programu ya mahesabu iliyokrakiwa, yaani iliyovunjwa kufuli la leseni, na maelekezo yake yalisema nizime antivairasi kwanza. Antivairasi gani itayafungua?

Hakuna, ndugu katibu, na pole sana. Antivairasi itaondoa programu iliyoyafunga mafaili. Kuyafungua kunahitaji ufunguo, na ufunguo haumo kwenye kompyuta yako.

Dola 980 na 490, saa 72, na jina hilo la barua, vyote vinanielekeza kwa familia ya virusi inayoitwa STOP, au Djvu. Huyu hasumbuki na benki wala mashirika makubwa. Anawawinda watu wa nyumbani, na chambo chake ni programu zilizokrakiwa. Ile amri ya kuzima antivairasi kwanza ndiyo mlango wenyewe. Programu halali haina haja ya mlinzi kulala ili iingie.

Usilipe. Hakuna kinachomlazimisha aliyepokea fedha akupe ufunguo. Fanya hivi, kwa utaratibu huu. Kata intaneti na chomoa diski na flashi zote. Usichomeke ile yenye nakala za akiba hata kama una hamu ya kujua kama zimesalimika, kwa sababu kirusi hiki hujipangia kuamka tena na kufunga faili lolote jipya. Ondoa ile programu iliyokrakiwa, kagua ile orodha ya "Exclusions" niliyomweleza mwalimu wa Mafinga, unga intaneti kwa muda wa kupata taarifa mpya tu, kisha kagua kwa Offline. Mafaili yaliyofungwa usiyafute. Yanakili kwenye diski ya pembeni baada ya kompyuta kuwa safi.

Wakati huohuo, kwa kutumia simu na si kompyuta hiyo, badilisha paswedi. Anza na ya barua pepe, kisha benki ya kikundi, kisha nyingine. Djvu mara nyingi huja na mwenzake wa kuiba paswedi zilizohifadhiwa kwenye kivinjari, na huyo haachi barua.

Sasa matumaini. Kirusi hiki kikipata mtandao, huchukua kwa wahalifu ufunguo wa kompyuta yako peke yake, na hapo kwa sasa hakuna njia. Kikikosa mtandao, hutumia ufunguo wa akiba unaofanana kwa wote waliopigwa na toleo hilohilo. Fungua ile barua uangalie namba yako ya utambulisho iliyo chini. Ikiishia na t1, ni ufunguo wa akiba, na unaweza kupatikana leo au baadaye. Kampuni ya Emsisoft ilitoa kifungulio cha bure mnamo Oktoba 2019 kwa matoleo ya zamani na kwa funguo za akiba zilizokwisha kujulikana. Kipakue kwao moja kwa moja, au kupitia mradi wa No More Ransom, ulioanzishwa mwaka 2016 na Europol, polisi wa Uholanzi na kampuni za usalama wa kompyuta. Kuna matapeli wengi wanaouza vifungulio, na vingine ni virusi vipya.

Pia Djvu hufunga takribani KB 150 za mwanzo tu za kila faili ili imalize haraka. Kwa orodha ndogo ya Excel hiyo ni faili zima. Lakini kama una video za ubatizo, mara nyingi fundi anaweza kuzirekebisha.

Orodha ya wanachama itafute kwa watu kabla ya kuitafuta kwenye kompyuta: barua pepe ulizotuma, kundi la WhatsApp la kikundi, mnunuzi wa parachichi, mweka hazina. Uzito wa msimu uliopita bila shaka umeandikwa kwenye stakabadhi za mtu fulani. Na kama katika utafutaji huo utapata nakala ya zamani ya faili lolote ambalo kwako limefungwa, lenye zaidi ya KB 150, itunze pamoja na lile lililofungwa. Kwa baadhi ya matoleo ya zamani, jozi hiyo ndiyo kifungulio cha Emsisoft kinayoiomba.