Kiangazi ya Lubumbashi: usiulize maji iko wapi, uliza inapotelea wapi

Ikifika mwezi wa nane kila mwaka hapa Lubumbashi napata swali lilelile toka kwa watu wanaolima lenga-lenga, matembele na nyanya ndani ya parseli (kiwanja cha nyumba): nifanye nini, robine (bomba) haitoki, bidoni zinaisha, majani yote inalala chini. Siku hizi najibu hivi, enda uone vile viumbe vya jangwani vinaishi. Watu wanacheka. Jangwa gani tena papa, sisi tuko na mvua ya karibu milimita 1,200 kwa mwaka na jangwa wanahesabu ni mahali panapopata chini ya 250! Ni kweli. Lakini ile 1,200 yetu inaanguka karibu yote kati ya mwezi wa kumi na moja na mwanzo wa mwezi wa nne, afu kuanzia wa tano mpaka wa tisa ni vumbi tu, kwa hiyo mche wa nyanya wa mwezi wa nane haujali hesabu ya mwaka, unajali leo.

Kitu chenye wengi hawajui ni kwamba viumbe vya jangwani, vingi havina ujuzi wa kutafuta maji. Viko na ujuzi wa kutoipoteza. Wako wenye kuitafuta, sikatai, kuna mdudu mmoja mweusi wa jangwa la Namib anapanda juu ya mchanga asubuhi ukungu wa bahari ukiingia, anainamisha kichwa na kuinua makalio, matone yanateremka mgongoni mpaka mdomoni. Mzuri sana, lakini sisi ukungu wa bahari tutautoa wapi. Tumwangalie ngamia. Wengi tuliambiwa ile nundu ni tanki ya maji, hapana, ile ni mafuta. Ujanja wake ni kwamba anaacha mwili upate moto kidogokidogo, toka digrii kama 34 asubuhi mpaka 40 na zaidi mchana, kabla ya kuanza kutoka jasho, na akikuta kisima anaweza kunywa lita 100 kwa robo saa. Na kuna panya wa majangwa ya Marekani mwenye anaweza kuishi bila kunywa kabisa, maji anaipata mwili wake ukivunja mbegu kavu alizokula, mkojo wake mzito sana, na mchana analala ndani ya shimo lenye hewa yenye unyevu. Maji kidogo, lakini haitoki.

Sasa rudi ndani ya parseli yako. Maji yako inapotelea wapi? Kwanza inapotelea kwenye udongo mtupu, na hapa njo nitagombana na watu. Sisi tunapenda kufagia. Asubuhi fagio, kila jani chini ya mwembe na avoka linakusanywa, linachomwa, na parseli inabaki udongo mwekundu mtupu unaong'aa, eti usafi. Saa sita jua inapiga pale, na ile bidoni uliyobeba kichwani imekwisha kupanda hewani. Mimi majani yote naweka juu ya bustani, unene wa kiganja, pamoja na maganda ya karanga na nyasi kavu. Mama mkwe alipokuja mara ya kwanza aliniangalia kama mvivu, nikamuomba aingize kidole chini ya majani, akakuta udongo wa baridi na unyevu. Hakusema kitu, lakini fagio aliirudisha nyuma ya nyumba. Shida moja tu, mchwa. Watakuja kula yale majani, hiyo ni lazima, kwa hiyo usiyagusishe na shina, acha nafasi ya vidole vinne kuzunguka mche.

Na nikitaja mchwa siwezi kupita bila kusema habari ya vichuguu vyetu. Pembeni ya Lubumbashi viko vichuguu vya mita tano na zaidi, vikubwa kuliko nyumba za watu wengine, na ndani yake hata mwezi wa tisa hewa iko na unyevu, kwa sababu mchwa wanalima uyoga mule ndani na uyoga haukai pakavu. Sisi tunavibomoa kufanya matofali. Ukikuta watu wanabomoa, omba gunia moja au mbili, changanya na udongo wako kama uko wa mchanga, ule wa kichuguu uko na udongo wa mfinyanzi mwingi na unashika maji vizuri zaidi.

Pili, namna ya kumwagilia. Kunyunyiza kidogo kila siku mchana ni kuharibu. Unalowesha juu, mizizi inapanda juu kufuata, afu jua inaikaanga. Kule Kalahari kuna mti mmoja mdogo ambao mizizi yake ilikutwa mita 68 chini ya ardhi. Ulienda kule kwa sababu juu hakuna kitu. Basi mwaga nyingi mara moja, jioni ama alfajiri, afu pumzika siku mbili tatu mizizi ishuke. Na usiinue matuta! Tuta la juu ni la mvua, kiangazi unachimba chini, bustani iwe kama sahani. Burkina Faso wanafanya mashimo yanaitwa zaï, upana wa sentimita 20 mpaka 30, wanatia samadi ndani afu mbegu, na Yacouba Sawadogo alirudisha miti kwenye ardhi iliyokuwa ngumu kama simenti kwa njia hiyo, mpaka mwaka 2018 akapewa tuzo ya Right Livelihood. Mimi mashimo ya namna ile natumia kwa boga na bamia.

Tatu, chagua mimea yenye inajua kazi. Kaktasi inafunga matundu yake ya kupumulia mchana na kufungua usiku ili isipoteze maji, na nanasi inafanya vilevile, mshubiri pia. Mananasi yangu iko upande wa ukuta ambako jua inapiga siku nzima na maji hata haifiki. Nyanya za mwezi wa nane, hapana, kama huna foraji (kisima kirefu cha kutobolewa) waachie wenye nayo ama wanaolima kwenye bonde.

Mimea mingine yote iache ilale. Mihogo ikiangusha majani watu wanasema imekufa na kuanza kung'oa, kumbe inajilinda, chakula iko chini. Kikanda tunayokula sokoni ni hivyohivyo, ni kiazi cha okidi, mmea wenyewe unapotea kabisa juu na kungojea chini ya ardhi. Hata miombo wanaangusha majani afu mwezi wa tisa wanatoa mapya mekundu kabla hata tone moja kuanguka, wanatumia maji waliyoweka ndani na ile ya chini sana.

Usichukue hayo majani mekundu kama ruhusa ya kupanda, wala mvua ya kwanza ya mwezi wa kumi. Mbegu nyingi za jangwani ziko na dawa kwenye ganda inayozizuia kuota mpaka mvua ya kutosha iioshe, kamvua kadogo hakazidanganyi. Mahindi yetu haina dawa hiyo, inaota na tone lolote afu inakauka wiki ya pili na mbegu ulinunua kwa franka zako. Kwa hiyo baada ya mvua chukua panga, chimba mpaka urefu wa mkono. Ukikuta vumbi chini, rudisha mbegu kwenye kopo na ungoje nyingine.